Siku Bibi Alipomjibia Mama

Nakumbuka asubuhi moja ya baridi kali kule Yakobi, mwanangu, bibi yangu mzaa baba alipoamka na kuamua kwamba mama yangu hatasema neno siku nzima. Hakumziba mdomo wala hakumtisha. Alimjibia tu. Kila aliyemsemesha mama, Bibi aliwahi kujibu kabla mama hajafungua kinywa. Mpaka leo nikiikumbuka siku ile nacheka peke yangu jikoni, na wajukuu zangu wanatazamana kama watu wanaojiuliza nani ataanza kunipeleka hospitali.

Ngoja nikueleze ilikotoka, maana wewe ni mzazi kijana na haya yanakuhusu.

Mama yangu alinijibia. Hilo ndilo lilikuwa tatizo letu pale nyumbani. Jirani akiniuliza, "Yusta, hujambo?" mama anasema, "Hajambo." Nikiulizwa kama nimekula, mama anasema nimekula. Mwalimu akiuliza kwa nini jana sikufika shuleni, mama anatoa sababu, nami nimejificha nyuma ya kitenge chake nikihesabu maua. Nilikuwa nimefika darasa la nne na watu wengi wa kitongoji kile hawakuwahi kusikia sauti yangu. Wengine walidhani mimi ni bubu, na wenye huruma waliniletea ndizi.

Usimcheke mama. Kabla yangu alizika watoto wawili, wote wa homa, wote kabla ya kuanza kutembea. Nilipozaliwa mimi, alinifunga sweta juu ya sweta mpaka mikono yangu haishuki. Sikuruhusiwa kwenda kuchota maji na wenzangu, sikuruhusiwa kupanda ukingo wa shamba, na jua likianza kuzama niliingizwa ndani nikae karibu na moto. Marafiki zangu walikuwa simbilisi, wale wanyama wadogo wa manyoya tuliowafuga jikoni kwa ajili ya kitoweo. Hao niliwasemesha kutwa. Niliwagombeza, niliwasifu, niliwapangia nani ale majani ya njegere kwanza. Mama akiingia, nanyamaza.

Sasa shule yetu wakati ule iliishia darasa la nne. Aliyetaka kuendelea ilibidi aende mbali, na mimi nilikuwa na shangazi Makambako, dada yake baba, aliyeitwa Edina. Alikuwa na mgahawa mdogo karibu na stesheni, reli ikiwa bado mpya, na alikuwa mwanamke mnene mwenye maneno ya haraka. Baba, ambaye kazi yake ilikuwa kupasua mbao na mara nyingi alilala huko huko msituni, alimwomba shangazi anichukue nikasome. Shangazi akaja kutuona wiki chache kabla ya sikukuu ya mavuno. Alinikalisha mbele yake akaniuliza kama nataka shule. Mama akajibu, "Anataka sana, wifi."

Shangazi akatikisa kichwa. "Wifi, nakupenda, lakini huyu simchukui," alisema. "Nyumba yangu ina watu wanaingia na kutoka mchana kutwa. Mtoto asiyeweza kusema kichwa kinamuuma, au fulani kanishika vibaya, atapata balaa mikononi mwangu. Nitamwambia nini kaka yangu?"

Mwanangu, niliitaka ile shule. Niliitaka kuliko kitu chochote. Nilikuwa nasoma mpaka karatasi zilizofungiwa sukari. Lakini pale mbele ya shangazi nilitazama vidole vya miguu yangu, na sauti ikagoma. Nilimsikia mama akisema, "Basi atabaki nami," na nilisikia jinsi alivyofurahi kidogo kulisema.

Bibi alikuwa ameketi kwenye kigoda chake, ananusa ugoro, hasemi kitu. Bibi akinyamaza ujue kuna jambo anapika.

Kesho yake ndiyo ikawa siku ile. Jirani yetu Mama Skola alipita asubuhi na jembe begani.

"Kamwene, Mama Yusta. Umeamkaje?"

"Ameamka salama," Bibi akajibu, "ila mgongo unamsumbua."

Mama akashangaa, maana mgongo wake ulikuwa mzima. Kabla hajasahihisha, Mama Skola alishampa pole na kumtajia dawa ya kujikanda, akaenda zake. Baadaye akaja mchuuzi anayenunua njegere, mtu tuliyemsubiri tangu Jumatatu. Alipomwuliza mama kama anauza, Bibi akasema kutoka kigodani, "Hauzi. Ana aibu." Mchuuzi akageuza baiskeli. Mama ikabidi amkimbilie njiani. Mchana tulipokula, shangazi alishika mwiko akauliza, "Wifi, nikuongezee ugali?" Bibi akasema, "Ameshiba," na sahani ya mama ikaondolewa. Mama alikuwa amelima tangu alfajiri. Niliona macho yake yakiifuata ile sahani mpaka kwenye beseni la vyombo.

Hapo ndipo alipolipuka. Mama yangu, mwanamke mpole ambaye hakuwahi kumpandishia mama mkwe sauti, alisimama akasema, "Mama, jamani! Mimi nina mdomo wangu!"

"Kumbe unao," Bibi akasema taratibu. "Na huyu mtoto je? Mungu alimsahau?"

Mama alikaa chini akaanza kulia, akasema, "Nimezika wawili, mama. Huyu akinitoka machoni hata kidogo, moyo unasimama." Bibi akasogeza kigoda, akamshika mkono. Sauti yake ilibadilika, ikawa ile aliyoitumia kwa wagonjwa. "Niliwabeba pamoja nawe wale wawili mpaka makaburini," alisema. "Najua. Lakini huyu yu hai, Mama Yusta. Mwache aishi. Leo umechoka kujibiwa na jua halijazama. Yeye amejibiwa tangu alipozaliwa."

Mimi nilikuwa pale, kwenye kona ya simbilisi, na nakuambia, hakuna aliyewahi kusema jambo kuhusu mimi likaniingia vile. Nilimwonea huruma mama. Pia nilitaka kuruka.

Wakakubaliana hivi. Kwenye kigango chetu kulikuwa na desturi wakati wa mavuno: baada ya misa, vitu vyote vilivyoletwa madhabahuni vinapelekwa nje na kunadiwa, na fedha zinakuwa za kanisa. Kwetu, aliyeleta kitu ndiye anayekisifu kwa kinywa chake mbele ya watu wote. Ukileta boga, unasimama na boga lako. Watoto wa darasa la nne nao walileta kitu walichokilea wenyewe. Shangazi akasema atarudi siku hiyo. Nikisimama nikamnadi simbilisi wangu mwenyewe, bila mama kunisaidia hata neno, ananichukua Makambako. Nisiposema, nabaki. Mama akaapa mbele ya Bibi kwamba atakaa kimya.

Tangu hapo Bibi akaanza kunituma. Usidhani alinifundisha hotuba. Alinituma kwa Mama Skola nikaulize kama ana chumvi. Nilikwenda nikasimama mlangoni, nikasikia watu wakiongea ndani, nikarudi mbio. Nilisubiri fimbo. Bibi akaniuliza, "Ulifika mlangoni?" Nikatikisa kichwa kukubali. "Vizuri. Jana usingefika. Kesho utabisha." Kesho yake nikabisha nikakimbia, kama watoto wakorofi wanavyofanya, na Mama Skola akatoka na ufagio. Bibi akacheka mpaka akapaliwa na ugoro. Halafu akanituma tena. Mama alikuwa anatutazama kutoka shambani, anang'oa magugu pamoja na maharage yenyewe kwa wasiwasi. Siku niliyorudi na chumvi mkononi, Bibi hakunishangilia kama mtu aliyeshinda mbio. Aliionja ile chumvi, akasema, "Ni nzuri. Umeomba vizuri," akaiweka kwenye mboga.

Siku ya mavuno ikafika. Watu walijaa mpaka nje, wanawake wameketi kwenye nyasi, wazee kwenye mabenchi yaliyotolewa kanisani, na padri kutoka misheni amekaa katikati kwenye kiti chenye mto. Katekista wetu, Mzee Otmari, ndiye aliyeendesha mnada, na alikuwa na sauti ya kuita ng'ombe. Kuku wakaenda, mahindi yakaenda, viazi vikaenda kwa vicheko na mabishano. Kisha akaita, "Yusta!"

Nilisimama na tenga langu. Ndani yake alikuwemo simbilisi wangu mkubwa, mweupe mwenye baka la kahawia jichoni. Nilifungua kinywa. Hakuna kilichotoka. Watu wakasubiri, wengine wakaanza kukohoa. Mtu mmoja nyuma akasema, "Huyu si yule bubu?" na wenzake wakacheka. Nikamwona mama amenyanyuka nusu. Bibi akamvuta kitenge akakaa. Mzee Otmari, kwa wema wake, akasema basi yeye atamnadi kwa niaba yangu, lakini Bibi akapaza sauti kutoka kwenye nyasi, "Otmari, kaa! Mtoto hajamaliza."

Mwanangu, nilikuwa sijaanza, na yeye anasema sijamaliza. Sijui kama ni hilo lililonitetemesha, lakini tenga likainama, na simbilisi wangu akaruka chini akatimua mbio.

Hujawahi kuona kanisa likivurugika vile. Akapita katikati ya wanawake, nao wakarusha miguu na vitenge. Mwanamume mmoja akainua kiatu amzuie kwa kukanyaga. Mama alikuwa amesimama tena, mikono mbele, tayari kumkimbiza kwa ajili yangu, Bibi anamng'ang'ania kiunoni. Nikaona kile kiatu kinashuka. Na hapo sauti ikanitoka, mwanangu. Kubwa. Ile niliyokuwa nawagombezea simbilisi jikoni.

"Msisogee! Simameni hapo hapo, wote! Wewe baba, shusha mguu taratibu!"

Wakasimama. Watu wazima, wazee wenye mvi, wanakwaya, wote wakaganda kama walivyo, mmoja ameinua mguu kama kuku kwenye baridi. Simbilisi akitishwa hutafuta giza, nami nilijua hivyo kuliko mtu yeyote pale. Nikatazama palipo na giza. Akawa ameingia chini ya kanzu ya padri.

"Baba Padri," nikasema, "usitikisike. Usipumue kwa nguvu. Nakuja."

Padri akaitikia kwa macho tu. Nilipiga magoti, nikainua pindo la kanzu kidogo, nikamsemesha simbilisi wangu kwa upole kama nilivyozoea, nikamtoa. Nilipoinuka naye kifuani, watu wote walikuwa bado wameganda wananisubiri mimi niwaruhusu. Mimi, Yusta! Nikawatazama. Hasira zilikuwa bado zimenipanda kwa sababu ya kile kiatu, nami nikaona bora niseme zikiwa zingali moto.

"Huyu ni wangu," nikasema. "Nimemlisha mwenyewe tangu akiwa mdogo kama kidole. Hajaugua hata siku moja. Mmeona anavyokimbia. Nani kati yenu anaweza kumshinda mbio? Anayemtaka aseme kwa sauti, kama mimi ninavyosema!"

Vilipigwa vigelegele mpaka mbwa wa misheni wakabweka. Bei ilipanda ikapita ya kuku, jambo ambalo kwa simbilisi halijawahi kuonekana kigangoni kwetu, na mwisho padri mwenyewe ndiye aliyemchukua, akisema mnyama huyu ameshachagua nyumba yake. Yule aliyeniita bubu nilimtafuta kwa macho. Alikuwa anapiga makofi kuliko wote, mnafiki yule. Shangazi Edina akaja akanishika mabega, akaniuliza tena lile swali lake. Nikamjibu mwenyewe: "Nataka shule, shangazi. Tunaondoka lini?" Na mama alikuwa ameketi kwenye nyasi analia na kucheka, kitenge chake kimechanika pale Bibi alipokivuta.

Ningeweza kuishia hapo, na hadithi ingekuwa tamu. Lakini nitakuwa nimekudanganya. Mtoto hawi jasiri kwa siku moja. Jumatatu nilikuwa naogopa tena, na Makambako ilinitisha kweli kweli, magari, mabehewa, upepo ule usiopumzika, watoto wanaozungumza haraka na kucheka namna ninavyotamka. Wiki za kwanza nililia kwenye mto. Ila asubuhi nilikuwa nakumbuka kwamba niliwahi kuwasimamisha watu wazima na padri wao, basi nabeba daftari naenda. Shangazi hakunibembeleza sana wala hakunikaripia. Aliniuliza tu kila jioni, "Leo imekuwaje?" na alisubiri nimwambie, hata wateja wakigonga meza.

Siku moja nilikuwa kwenye foleni ya bomba la maji. Msichana mkubwa akaja, akasukuma ndoo yangu, nami nikaanguka nayo kwenye tope. Goti likachubuka. Nikiwa pale chini nikainua macho, na kwenye kona ya duka la jirani nikamwona mama. Alikuwa amefika na lori la viazi kuniletea njegere na blanketi, nami sikuwa na habari. Alikuwa ameona yote. Akapiga hatua moja kuja, kisha akasimama. Mkono wake ukapanda ukaziba mdomo wake mwenyewe.

Nikajua ananiachia.

Nikainuka. Nikachukua ndoo yangu nikairudisha mahali pake. Nikamwambia yule msichana, sauti ikitetemeka lakini inasikika, "Nafasi yangu ni hii. Nilikuwa nyuma ya mama huyu hapa. Mwulize." Yule mama wa mbele yangu akasema ni kweli, na wengine wakamwambia msichana arudi nyuma. Alirudi huku ananung'unika. Nikakinga maji yangu, nikajitwika, nikaenda moja kwa moja mpaka kwenye ile kona.

Mama aliitazama sketi yangu yenye tope, akalitazama goti. Nilidhani atasema, "Maskini mwanangu, umeumia sana." Hakusema. Aliniuliza, "Umeumia?" kisha akanyamaza. Akasubiri. Midomo yake ilikuwa inacheza kwa hamu ya kunijibia, namwona mpaka kesho, lakini alisubiri.

"Goti kidogo, mama," nikasema. "Lakini maji nimepata."

Akatabasamu kwa namna ambayo sikuwahi kuiona usoni pake. Nimepata mengi maishani, mwanangu. Nimesoma, nimefundisha shule mpaka nikastaafu, nimelea wangu na wa wenzangu. Sijapata ushindi mkubwa kama ule wa mimi na mama pale kwenye kona ya duka, maana tulishinda wote wawili.

Sasa nisikilize. Juzi nilikuwa zahanati. Daktari anamwuliza mtoto wa miaka tisa anaumwa wapi, na mama yake, binti mzuri tu mwenye simu mkononi, anasema, "Tumbo." Mtoto ameshika sikio. Nilitaka kuinuka nimjibie yule binti kila kitu mpaka jioni, uzee tu ulinizuia.

Kwa hiyo nakuomba, mwulize mtoto wako swali, kisha funga mdomo wako. Ule ukimya utakuuma, uvumilie. Mtume kwa jirani, na akirudi mikono mitupu mwulize alifika wapi, umsifie hapo alipofika, kisha mtume tena. Usimcheke akiogopa wala usimchape ili aache kuogopa, maana atakachojifunza ni kukuficha. Usimdanganye kwamba dunia haina tope. Akianguka, mtazame kwanza kama anaweza kuinuka mwenyewe, na mara nyingi anaweza. Sisemi umtupe. Moto, mto uliofurika, na watu wabaya, hivyo mkinge navyo kwa nguvu zako zote. Na ujue kwamba mtoto aliyezoea kusikilizwa ndiye atakayekuja kukuambia siku mtu mbaya akimgusa. Aliyezoea kujibiwa atanyamaza.

Na ukimwogopea, mwogopee. Hakuna mzazi asiyeogopa. Mama yangu aliogopa mpaka siku alipofumba macho, na bado alisubiri nijibu.

Mungu akupe mikono ya kumshika mwanao na moyo wa kumwachia. Akupe masikio marefu na subira ya kuyatumia. Watoto wako wasimame mbele ya watu waseme majina yao wenyewe, na wewe uwe pale, umekaa kimya, unawasikia. Amina, mwanangu. Nenda salama.